Mgeni na Masharti ya Mwenyeji: Mjadala wa Tabora juu ya Misaada ya Nje

Katika miji ya bara ya nchi yetu hakuna uliozoea kupokea wageni wenye mizigo kuliko Tabora. Kabla ya reli, na kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa Unyanyembe, misafara iliyoondoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nyika ya Ugogo, ilitua hapa mizigo yake ya nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba, ikapumzika, kisha ikagawanyika: mmoja ukashika njia ya Ujiji, mwingine njia ya Karagwe na Buganda, na mwingine ukarudi pwani na pembe za ndovu. Wafanyabiashara walifuatwa na wamisionari, wamisionari wakafuatwa na Wajerumani, Wajerumani wakafukuzwa na Wabelgiji mwaka 1916, nao Wabelgiji wakawapisha Waingereza. Na tangu Uhuru wa 1961 wamekuja wageni wa namna nyingine, wenye magari na maandiko ya miradi, ambao hawakuja kununua wala kutawala, bali, kwa kauli yao, kusaidia.

Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, likafungwa. Ndipo lilipoamka upya swali ambalo taifa hili lilijiuliza kwa sauti kuu mwaka 1967 katika Azimio la Arusha, kisha likaliacha lilale: Je, mtu mnyonge huinuka kwa mkono wa mwenzake, au mkono huo ndio humzoeza kukaa chini?

Nimeziweka hapa sauti sita. Si za watu maalumu, wala hazikusemwa katika mkutano mmoja. Ni hoja zisikikazo kila siku katika shule, zahanati, magulio na mabaraza ya Tabora na vijiji vyake, nami nimezipa viti katika baraza moja ili zijibizane. Hoja iliyo mbele yao ni hii: kwamba misaada ya nje, kwa jinsi itolewavyo, ni kizuizi cha maendeleo ya kudumu, na afadhali ikome.

MWALIMU MSTAAFU (mtoa hoja): Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana. Naitetea hoja hii si kwa chuki ya mgeni, maana sisi tumelelewa katika methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Naitetea kwa sababu nimeishi nikaona wageni wengi wakija na mwenyeji asipone. Zama za misafara mgeni, awe Mwarabu wa Maskati au Mwingereza, alikuwa chini ya sheria ya nchi aliyoipita. Alipofika Ugogo alilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuruhusiwa maji na kupita. Alipofika Unyanyembe alipeleka salamu na zawadi kwa mtemi. Na mzigo wake, wenye uzito wa frasila mbili hivi, ulichukuliwa na mpagazi wa Kinyamwezi aliyekwisha patana naye ujira na posho, ambaye masharti yalipovunjwa aliutua mzigo njiani akaenda zake. Wasafiri Burton na Speke walipofika hapa Kaze mwaka 1857 hawakuwa na mpango wa kuwapangia Wanyamwezi maisha yao. Walikuja kuomba njia.

Mwaka 1946 ulikuja mpango. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ikamtuma Bwana Wakefield na wenzake kuitazama ardhi, na kwa ziara ya wiki chache likaandikwa shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa yake katika Tanganyika: Kongwa, Nachingwea, na hapa jirani yetu Urambo. Matingatinga yakaletwa, na vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Hakuna aliyewauliza wazee wa Kongwa mvua yao hukosa baada ya miaka mingapi, wala udongo wao hufanya nini jua likiwaka. Mvua ikakosa, udongo ukakauka ukashikana hata karanga zisichimbike, na Januari 1951 shauri likavunjwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwisha teketea.

Mtaniambia kwamba ile haikuwa ihsani bali tamaa ya wakoloni. Ni kweli, lakini tazameni tulivyourithi mtindo wake tukiwa huru. Tangu miaka ya 1970 mikoa yetu iligawiwa wafadhili: Tanga Wajerumani, Mtwara na Lindi Wafini, Rukwa Wanorwei, Kigoma na Tabora Benki ya Dunia. Mwaka 1971 tukatangaza kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji karibu na nyumba yake, na sehemu kubwa ya ahadi hiyo tukaiegemeza juu ya mifuko ya wageni. Mwaka 1991 ukafika, ukapita, na wanawake wetu walikuwa bado wako njiani na ndoo. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha tuonya kwamba fedha ni tunda la maendeleo wala si mzizi wake, na kwamba taifa litegemealo zawadi na mikopo huuweka uhuru wake rehani. Tulilikariri onyo hilo madarasani, kisha tukatoka nje tukatembeza bakuli. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na sisi tumemtegemea hata asiye ndugu.

MZEE WA KWIHARA: Mwalimu amesema kwa ufasaha, na heshima yake naitunza. Ila njia ile ya misafara naijua kwa nasaba, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa Mwarabu na wa Mnyamwezi kwa pamoja, na sitaki ipambwe kuliko ilivyokuwa. Hazikupita pembe na nguo peke yake; walipita pia binadamu katika minyororo, na aliyepokea hongo hakuuliza walikotekwa. Hongo ile ilinunua bunduki na baruti. Haikumjengea mkulima ghala. Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, ugomvi ukiwa ni nani atamtoza nani katika njia, waliounguliwa vijiji hawakuwa wamepata hata mkono mmoja wa merikani katika ushuru uliogombaniwa. Kwa hiyo mwenyeji kuwa na haki ya kumtoza mgeni ni jambo moja, na raia kuyaona manufaa ya haki ile ni jambo jingine kabisa.

Tena wazee wetu hawakuwa huru kama tembe zao kubwa zilivyoonyesha. Bidhaa walizipata kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, watu wa nyumba kama ya Jairam Sewji na ya Tharia Topan, na pembe nyingi zilipofika pwani zilikuwa zimekwisha liwa na deni kabla hazijawekwa katika mizani. Mwenye kudhani kwamba mikopo yenye kuelemea ilianza na mabenki ya siku hizi, na azuru makaburi ya Kwihara awaulize.

Na msaada kuliwa njiani si jambo la juzi. Oktoba 1871 Livingstone alirejea Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, akitumaini kukuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja kwa amri ya balozi wa Kiingereza, akakuta mtu aliyekabidhiwa amekwisha ziuza. Stanley alimkuta katika hali hiyo. Wakaja wote wawili mpaka hapa Kwihara, na Stanley aliposhuka pwani mwaka 1872 alimletea Livingstone msafara mwingine, watu zaidi ya hamsini waliochaguliwa mmoja mmoja na kuandikwa kazi kwa ujira unaojulikana. Livingstone alipofariki mwaka uliofuata, watu hao pamoja na watumishi wake wa zamani, Chuma na Susi, waliuchukua mwili wake na maandishi yake. Na walipofika Tabora, Mzungu aliyeitwa Cameron akawashauri wauzike hapahapa, walikataa, wakaufikisha Bagamoyo. Njia ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekabidhiwa amana, na kwa mapatano gani. Ndiyo maana siwezi kuikubali hoja ya Mwalimu kama ilivyoandikwa, kwa sababu inamhukumu mtoaji na kumwacha huru mpokeaji aliyeko njiani.

MUUGUZI WA ZAHANATI: Shikamooni wazee wangu. Mwalimu anasema afadhali misaada ikome. Mwaka 2025 tumeonjeshwa kukoma kwake. Tangu mwaka 2003, kwa mpango uitwao PEPFAR, Marekani imekuwa ikigharimia sehemu kubwa ya tiba ya UKIMWI barani Afrika, na katika nchi yetu wako watu zaidi ya milioni moja ambao humeza dawa hizo kila siku, nao watazimeza maisha yao yote. Mgonjwa akikatizwa, virusi huzaana tena, na dawa iliyomfaa jana huweza isimfae kesho. Habari zile zilipotangazwa redioni, waliokuja zahanati kesho yake hawakuuliza juu ya uhuru wa taifa. Waliuliza kama wapewe vidonge vya miezi mitatu au vya mwezi mmoja, na kama mwezi wa nne waje au wasije.

Tena, Mwalimu, nani kati yetu hakupata kuinuliwa na mkono wa mbali? Baba wa Taifa alisoma Shule ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, akafundisha hapahapa St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa fedha za masomo zilizotoka Uingereza. Fedha ile haikumfunga ulimi.

Hata hivyo naomba nisihesabiwe miongoni mwa wanaosifu kila kitu. Juu ya meza yangu viko vitabu vya taarifa za afya vya MTUHA, ambavyo ni vya Serikali. Kando yake liko daftari la mradi mmoja, na kishikwambi cha mradi wa pili, na fomu za mradi wa tatu. Mama mmoja aliyebeba mtoto mmoja naliandika jina lake mara nne, na uzito wa mwanawe mara nne, foleni imefika mlangoni na watoto wanalia. Na mwisho wa mwezi kila mradi hutuma taarifa kwamba mama yule umemhudumia wenyewe. Mradi ukiisha, aliyeajiriwa nao huondoka na ujuzi wake, na daftari huwekwa juu ya kabati. Nisiyoyataka mimi ni mambo mawili: msaada ukatwao kwa ghafla, na msaada ujengao nyumba yake kando ya nyumba ya Serikali.

MWALIMU: Binti yangu, sikusema mgonjwa anyang'anywe dawa mkononi. Nasema kwamba taifa ambalo pumzi za raia wake hutegemea saini ya mtu mmoja aliye ng'ambo, asiyechaguliwa nao wala asiyewajua, limekubali udhalili ambao hapana serikali yoyote ya Ulaya ingeukubali hata kwa siku moja.

MUUGUZI: Basi tumekaribiana, Mwalimu. Kosa si kupokea kwetu. Kosa ni kwamba kwa miaka zaidi ya 20 tulipokea bila tarehe ya kukabidhiwa, na kila mwaka bajeti yetu ikapangwa kana kwamba mgeni atakaa milele.

MWEKA HAZINA WA CHAMA CHA MAJI: Mimi natoka kijijini, wilaya ya Uyui, na kazi yangu ni kutunza fedha za maji. Kisima chetu cha kwanza kilichimbwa na wageni ambao sitawataja. Siku ya kuzinduliwa tulicheza ngoma, tukapigwa picha, na kikasimikwa kibao chenye bendera mbili. Hatukuwa tumechanga kitu, wala hatukuulizwa mahali. Kilichimbwa ng'ambo ya mbuga, ambako masika hapapitiki. Baada ya misimu michache mpira ulio ndani ya pampu ulichakaa. Ni mpira wa kuenea kiganjani, lakini haukupatikana Tabora mjini, wala Dar es Salaam. Ulikuwa katika nchi iliyoitengeneza pampu. Kibao kikabaki kikisomeka vizuri, nasi tukarudi kufukua mchanga wa mto. Wala haukuwa msiba wetu peke yetu, kwani Wizara ya Maji ilipovihesabu vituo vya maji vya vijijini nchi nzima katika miaka ya 2010, karibu vinne katika kila kumi vilikutwa havifanyi kazi.

Kisima cha pili tulikiomba wenyewe. Kabla ya mchimbaji kuja, kila kaya ilitoa mchango wake, wa fedha au wa nguvu. Wanawake ndio walioonyesha mahali. Na sharti letu lilikuwa pampu iwe ya aina ambayo vipuri vyake vinauzwa Tabora. Kila ndoo hulipiwa. Jioni mwenye zamu huniletea fedha, nami huandika mbele yake katika safu nne: ndoo, mapato, matumizi, baki, yeye hutia saini nami hutia saini. Kila baada ya miezi mitatu daftari husomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji. Siku moja mkutano ulimsimamisha kiongozi wetu mwenyewe juu ya risiti ya mafuta ya pikipiki isiyokuwa na tarehe. Alikasirika, lakini kabla ya jua kuchwa alikuwa amezirudisha fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019 ilipounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, vyama kama chetu vimetambuliwa rasmi, na hilo limetutia nguvu.

Lakini sijidanganyi. Daftari langu haliwezi kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Bomba lile limejengwa kwa mkopo wa dola milioni 268 wa Benki ya Exim ya India, na waliokuwa wakinunua maji ya mkokoteni wanajua fadhila yake. Ninaloliuliza ni moja: kama fedha za ndoo husomwa mbele ya waliozitoa, fedha za bomba husomwa mbele ya nani?

MKULIMA WA URAMBO: Mimi ni mkazi wa nchi ile ile ambayo Mwalimu ameitaja. Mashine za karanga zilipoondoka Urambo, ardhi iliyofyekwa ilifunguliwa kwa tumbaku, na tumbaku ndiyo iliyotusomeshea watoto, sitaitukana. Ila napenda baraza lielewe jinsi inavyokauka. Tumbaku yetu ni ya mvuke. Majani huning'inizwa katika fito ndani ya bani, nyumba ya tofali isiyo na dirisha, na moto huwashwa katika tanuru lake, ukakeshewa kwa muda wa juma zima au karibu yake, usiku na mchana, usizimike wala usizidi. Mtu hulala hapohapo kando ya magogo. Jani linapokuwa la rangi ya dhahabu, miti ya miombo iliyochukua miaka mingi kukua imekwisha kuwa majivu. Na miombo hiyo ndiyo malisho ya nyuki. Asali na nta ya Sikonge na Uyui zilijulikana sokoni kabla mzee yeyote wa hapa hajazaliwa. Mbolea nayo huja kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa siku ya soko. Mzee wa Kwihara, lile deni la babu yako mimi nalifahamu. Jina la mdai ndilo lililobadilika.

Sasa nitaje msaada mmoja ambao sina la kuulaumu. Jirani zetu wa Shinyanga walikuwa wamebaki na nchi tupu: wakoloni walifyeka misitu ili kuwaua mbung'o, kisha pamba na wingi wa mifugo vikamaliza iliyosalia. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za Norwei, na baadaye kwa msaada wa watafiti wa kilimo-misitu wa ICRAF. Mwanzo walipanda miche, na mingi ikafa. Ndipo walipowasikiliza wenyeji, ambao tangu kale walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho ifungwayo wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikiuma. Mpango ukaacha kuwafundisha watu, ukaitia nguvu desturi yao. Sheria za kufunga na kufungua zikabaki mikononi mwa mabaraza ya jadi, dagashida, na walinzi wa sungusungu. Ulidumu mpaka 2004, na zaidi ya hekta 300,000 za miti na majani zikarudi. Haukupewa miaka mitatu; ulipewa miaka 18. Mwishowe haukutegemea mti mgeni. Uliutunza uliokuwamo ardhini. Hayo ndiyo maendeleo ya kudumu niyajuayo mimi, wala sikuyasoma katika kitabu.

MCHUMI KIJANA: Shikamooni wazee, na kina mama wote. Niruhusiwe kukumbusha kwamba nchi hii imekwisha kujaribu kuurekebisha msaada, tena mapema kuliko nyingi. Mwaka 1994 Serikali na wafadhili walipofarakana juu ya misamaha ya kodi, liliundwa jopo chini ya Profesa Helleiner, nalo mwaka 1995 likasema wazi kwamba wafadhili wamejipenyeza mno katika maamuzi ya nchi, na kwamba nchi nayo imeutupa usukani. Kutoka hapo ukaja mkakati wa misaada wa 2002, Azimio la Paris la 2005, na MPAMITA ya 2006, mkakati wa pamoja wa misaada, ambamo wafadhili walikubali kuufuata mpango wa nchi, kutumia hazina ya nchi, na kupunguza misururu ya wajumbe wakati bajeti inapotayarishwa. Fedha nyingi zikaanza kupita katika bajeti ya Serikali, chini ya macho ya Bunge na ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Yale madaftari manne ya Dada Muuguzi yalikuwa yaanze kupungua.

MWALIMU: Na kisha?

MCHUMI: Na kisha, Mwalimu, tukaangushana. Mwaka 2014 ilipofumuka kashfa ya kuchotwa kwa fedha za akaunti ya Escrow, wafadhili walizuia takriban dola milioni 490 za bajeti, na wengi hawakurudi tena katika njia ile. Wakaijenga upya miradi yao pembeni. Sisi tulivunja amana, nao wakaupata udhuru. Leo zawadi zinapungua na mikopo inaongezeka: hata reli ya kisasa inayokuja Tabora kutoka Makutupora inajengwa kwa kodi zetu na kwa mikopo. Kwa hiyo swali la kukoma kwa misaada linajibiwa na dunia yenyewe, tupende tusipende. Nchi tajiri ziliazimia katika Umoja wa Mataifa mwaka 1970 kutoa sehemu 0.7 katika kila mia ya pato lao, na zilizotimiza zinahesabika kwa vidole.

MKULIMA: Na bei ya jani langu itapangwa na nani wakati huo?

MCHUMI: Hilo ndilo jeraha lenyewe, kaka. Msaada mkubwa kuliko yote ungekuwa asali yako kufungwa katika chupa hapa Tabora, na tumbaku, maadamu ingali inalimwa, kuuzwa na mtu aliyeona vitabu vya mnunuzi. Lakini tusisahau reli ya TAZARA. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kuijenga. Tukaiomba China sisi na Zambia, ikatupa mkopo usio na riba, na kilomita 1,860 zikakamilika mwaka 1975. Ilikuwa hiari yetu na haja yetu. Hata hivyo injini zilipochakaa na uangalizi ukalegea, reli ile nayo ilidhoofika. Kuomba vizuri ni nusu ya kazi. Kutunza ndiyo nusu ya pili, na hiyo hakuna mgeni awezaye kutufanyia.

HUKUMU YA MWANDISHI

Nikizipima sauti hizi kwa insafu, naona kwamba hoja, kama ilivyoletwa na Mwalimu, haiwezi kupita. Vidonge vya Muuguzi, bomba la Nzega na ngitili za Shinyanga ni ushahidi usioweza kutupwa. Lakini ushahidi wa Mwalimu nao ungali umesimama: karanga za Urambo, mikoa iliyogawanywa na pampu zilizonyamaza hazikuwa bahati mbaya, bali matokeo ya kazi kupangwa na asiyekaa mahali pale wala asiyewajibika kwa wanaokaa. Naona basi hoja ibadilishwe, isomeke kwamba msaada wa nje, uwe zawadi au mkopo, usipokelewe ila kwa masharti ya mwenyeji.

Masharti hayo yamekwisha tajwa humu na watu wasiokuwa na vyeo vikubwa. La kwanza, kazi iombwe na wale watakaoishi nayo, nao watoe chao, hata kama ni kidogo, kabla ya mgeni kutoa chake. La pili, ifuate njia za Serikali na desturi zilizopo, isijenge nyumba ya kando. La tatu, iwe na muda wa kutosha na tarehe ya kukabidhiwa iliyoandikwa tangu siku ya kwanza, ili isikatwe ghafla wala isizoeleke milele. La nne, kipuri, fundi na fedha ya matengenezo viwe karibu, na ardhi, maji na misitu visiwe ndivyo vinavyolipia. La tano, hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wenye haki nayo, ndoo kwa ndoo au dola kwa dola.

Sharti hili la tano ndilo linaloyabeba mengine yote, na ndilo Mzee wa Kwihara alilolitaka aliposema kwamba hongo haikumjengea mkulima ghala. Tunaweza kujadiliana na wafadhili kwa ushujaa wote wa Mirambo, tukawatoza, tukawakatalia, tukawalazimisha kutumia hazina yetu. Lakini kama fedha zikiisha kuingia bomani hakuna raia awezaye kuuliza zimekwenda wapi, tutakuwa tumembadilisha anayekula tu. Kadhia ya 2014 ilitufundisha kwamba mgeni asiye na nia njema hufurahi kupata udhuru, na udhuru huo tulimpa sisi kwa mikono yetu.

Wajibu wa nchi tajiri uko wazi: zitimize ahadi, zitoe notisi kabla ya kuondoka, na zifungue masoko kwa mali iliyotengenezwa, si kwa malighafi peke yake. Wajibu wetu uko karibu zaidi, nao haungoji ruhusa ya mtu. Kila halmashauri ya mkoa wa Tabora hupitisha bajeti yake kila mwaka, na kila kijiji kina mkutano wake kwa mujibu wa sheria. Kwa kila mradi wa mgeni uliomo katika bajeti hiyo, diwani na aulizwe mambo matatu: nani aliuomba, lini tutakabidhiwa, na hesabu zake zitasomwa wapi. Asiyeweza kujibu asipige kura ya kuupitisha. Mweka Hazina wa kijijini wilaya ya Uyui ameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwa kalamu na daftari la safu nne. Hapana sababu ya wilaya, mkoa na taifa kushindwa nalo, na siku tutakapoliweza ndipo tutakapokuwa na haki, na nguvu, ya kulidai kwa mgeni.